Uzi: Jina la msanii liandikwe kama lebo inavyosema, au kama sisi tunavyomwita?

#1 Kanda Mbili (mleta uzi)

Wakuu salaam. Mods naomba msiuhamishie jukwaa la burudani, huu si uzi wa burudani hata kidogo.

Nimejipa kazi ya kuingiza mkusanyiko wangu wote wa muziki kwenye hifadhidata moja: santuri, kaseti nilizozihamishia kwenye kompyuta, na mafaili niliyorushiwa na watu miaka nenda rudi. Nilianza kwa mbwembwe. Safu nne nikaona zinatosha: msanii, wimbo, albamu, mwaka. Nini tena?

Juzi nikapanga orodha ya wasanii kialfabeti, nikakutana na hii:

Franco
Franco & OK Jazz
Franco et le T.P. O.K. Jazz
Luambo Makiadi
O.K. Jazz
OK Jazz
TPOK Jazz
Tout Puissant OK Jazz

Mistari minane, wakati hapo kuna bendi moja ya Kongo na kiongozi wake, Franco Luambo Makiadi. Bendi ilianza 1956 ikiitwa OK Jazz tu, hilo la "Tout Puissant" lilikuja baadaye, na kila aliyechapa santuri aliweka nukta alipojisikia. Nikitafuta "OK Jazz" napata sehemu tu ya nyimbo nilizonazo, zingine zimejificha nyuma ya nukta. Kwa kompyuta "O.K." na "OK" hawana undugu wowote, ni kama Hamisi na Khadija.

Rafiki yangu mmoja anasema nichague jina moja nifute mengine yote. Mwingine ni mshika dini wa santuri, kwake kilichochapwa kwenye lebo ni andiko takatifu hata kama kimekosewa. Nimewasikiliza wote wawili, nimebaki palepale.

Na hapo sijagusa herufi kubwa na ndogo, hizo "ft", wala majina ya wakongwe wetu wa taarabu. Nawasilisha.

#2 Mguu Pande

Nimekaa paleee, ngoja waje wajuzi.

#3 Fagio la Chuma

Mkuu unajitesa bure. Jina moja, kila mahali, imeisha hiyo. Kwangu wote hao ni TPOK Jazz. Nikitafuta napata, nasikiliza, nalala. Santuri haisikilizwi kwa macho.

#4 Mshona Viraka

Fagio, kwako imeisha, lakini anayetaka kujua rekodi ni ya lini umemmaliza.

Chukua ile bendi ya wafanyakazi. Ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz Band, kwa jina la chama cha wafanyakazi cha NUTA. NUTA ilipokuja kuwa JUWATA, bendi nayo ikaitwa JUWATA Jazz. Ikaja OTTU, ikawa OTTU Jazz Band. Leo ni Msondo Ngoma, jina lililotokana na mtindo wao. Ukiwaandika wote Msondo Ngoma, umeuvika wimbo wa miaka ya sitini jina ambalo bendi haikuwa nalo siku unarekodiwa. Na santuri nyingi za zamani hazikuchapwa mwaka. Jina la bendi kwenye lebo ndiyo tarehe pekee uliyonayo, nawe umelipitishia fagio.

Ila mshika dini wa lebo naye asichekelee. Mwaka 1993 Prince alibadili jina likawa alama ya kuchora, haina herufi wala matamshi, akakaa nayo mpaka 2000. Haya, liandike kama lilivyo kwenye lebo, tuone utabonyeza kitufe gani.

Kanda Mbili, shida yako iko kwenye hiyo safu uliyoiita "msanii". Umeibebesha mizigo mitatu. Wa kwanza: huyu ni nani? Wa pili: siku ile aliandikwaje? Wa tatu: kwenye orodha akae wapi? Kila mmoja upe safu yake, ugomvi wa rafiki zako unakwisha, maana kila mmoja alikuwa anazungumzia mzigo tofauti.

Huyu ni nani, hilo linajibiwa na namba. Fungua jedwali jingine la wasanii, kila mmoja apewe namba yake na isibadilike hata dunia ipinduke. MusicBrainz, hifadhidata ya muziki ya mtandaoni iliyoanza 2000, wanatumia mfuatano wa alama 36, herufi na tarakimu zimechanganywa na vistari, hakuna binadamu wa kuukariri. Ndiyo uzuri wake: hatatokea mtu akaona umekosewa tahajia akaurekebisha. Halafu kwenye rekodi yenyewe weka safu ya "aliandikwa kama". Humo mwaga nukta zote za lebo zilivyo. Discogs, hifadhidata nyingine ya mtandaoni, nao mtindo wao ni huohuo, msanii ana ukurasa mmoja, na tahajia zote alizowahi kuandikwa zimening'inia chini yake.

Kwa hiyo rekodi yako itasoma: msanii 41, aliandikwa kama "T.P. O.K. Jazz". Ukitafuta OK Jazz inakuja 41 na kila kilicho chake. Ukifungua rekodi unaiona lebo kama vile umeishika mkononi.

Franco ana namba yake, bendi ina yake. "Franco & OK Jazz" ni namba mbili na neno la kuunganisha katikati. Ukiitengenezea namba ya tatu umerudi ulikotoka.

#5 Kanda Mbili

Mshona Viraka ubarikiwe. Hiyo ya neno la kuunganisha imenitonesha kidonda. Kuna programu niliitumia kusafisha tagi za mafaili (yale maandishi ya msanii na wimbo yanayokaa ndani ya faili), siitaji jina. Nikaiamuru ikikuta wasanii wawili pamoja iwatenganishe, nikaenda kulala. Asubuhi nina msanii anaitwa AC na mwingine anaitwa DC, utadhani nafungua duka la umeme. Earth, Wind & Fire wamekuwa watatu: ardhi kivyake, upepo kivyake, moto kivyake. Simon na Garfunkel angalau wao walishaachana wenyewe 1970.

#6 Mshona Viraka

😂😂 Usiilaumu sana programu. Toleo la 2.3 la tagi za ID3, ambalo mafaili mengi ya MP3 yanalitumia mpaka leo, liliuweka mkwaju (/) kuwa kitenganishi cha wasanii. Bendi ya AC/DC ilikuwepo tangu 1973, sijui mezani pale hakukuwa na mpenzi wa roki hata mmoja. Usiruhusu mashine itenganishe kwa alama. Koma, mkwaju, "&" na "na" zote zinaweza kuwa ndani ya jina. Anayejua kwamba hao ni wawili ni wewe.

Ukiwa hapohapo angalia pia mafaili ya zamani kabisa. Toleo la kwanza la tagi hizo, la 1996, lilitenga nafasi 30 tu kwa jina la msanii na 30 kwa jina la wimbo. Ukikuta "DDC Mlimani Park Orchestra (Si" usidhani mwandishi aliitwa akala. Hesabu, ni 30 kamili pamoja na nafasi tupu. Sikinde, jina la mtindo wao, ndiyo imeliwa hapo.

#7 Mguu Pande

Swali la kizushi. Wakiwa wawili wana jina moja je? Nirvana wako wa Marekani na wako wa Uingereza, wale wa miaka ya sitini.

#8 Mshona Viraka

Namba zinatofautiana, tatizo limekwisha. Linabaki la binadamu anayesoma orodha. Discogs hubandika tarakimu kwenye mabano, ya pili inakuwa Nirvana (2). MusicBrainz huweka maelezo mafupi pembeni, nchi au miaka. Mimi nachukua maelezo. Hiyo (2) haikwambii chochote, na siku ukiinakili kwenda kwingine inageuka sehemu ya jina. Nimeshawahi kuona kava la kuchapisha nyumbani limeandikwa (2) kwa fahari kabisa.

#9 Ritifaa

Mimi nataka herufi kubwa, maana hapo ndipo watu wanapoiga Kiingereza bila kujiuliza.

Kiingereza wana desturi ya kukuza kila neno kwenye jina la wimbo, wakiacha vijineno kama "of" na "the". Sasa mtu anakuja na kanuni hiyo kwenye Kiswahili. Tuseme wimbo unaitwa "Barua ya mjomba kutoka ng'ambo" (nimeutunga sasa hivi, msiutafute). Ataandika "Barua Ya Mjomba Kutoka Ng'ambo", au "ya" ibaki ndogo? Ikibaki ndogo, basi na wa, za, la, cha, vya, pa, kwa, mwa zote zibaki ndogo. Na "ni"? Na "si"? Na "wangu" je? Wenzetu wana orodha fupi ya vijineno, sisi vyetu vinabadilika na ngeli. Utaandika orodha mpaka uchoke, na bado mwenzako atakuwa na yake.

Wafaransa hawahangaiki. Jina la wimbo wanaliandika kama sentensi, herufi kubwa mwanzoni na kwenye majina ya watu na mahali, na hifadhidata kama MusicBrainz inaheshimu hivyo, kila lugha na desturi yake. Wajerumani wanakuza nomino zote kwa sababu ndivyo wanavyoandika kila siku. Nasi Kiswahili tukiandike kama tunavyokiandika kila siku.

#10 Fagio la Chuma

Hapa napinga. Kwenye orodha, herufi kubwa kila neno inapendeza macho. Na lebo zenyewe zimekuza.

#11 Ritifaa

Lebo nyingi zimechapwa herufi kubwa TUPU, mkuu, kuanzia A mpaka Z. Aliyepanga chapa hakuwa anakufundisha sarufi, alitaka ionekane kwa mbali. Ukifuata lebo kwenye hilo, hifadhidata yako nzima itakuwa inapiga kelele.

Na kuhusu kupendeza, hilo ni suala la programu ya kuonyesha. Data ikiwa imeandikwa kisentensi, programu inaweza kukuza kila neno ukitaka. Ukishakuza kila neno hakuna mashine ya kukurudishia. Itajuaje "Tumaini" lilikuwa jina la mtu au ni tumaini la kawaida?

#12 Bahari Yetu

Naomba niseme kitu kwa uchungu kidogo.

Mleta uzi amegusia kukosewa kwa lebo. Makosa ya kweli yapo, mtu kaandika "nakupeda" badala ya "nakupenda", hilo rekebisha, na la lebo liache kwenye safu ya "ilivyochapwa". Lakini kuna hifadhidata moja ya watu wote nilichangia nyimbo za kwetu za zamani. Jina la wimbo lina neno "mato". Siku mbili baadaye kaja mtu amelifanya "macho", kaandika sababu: kosa la uchapaji. Nikarudisha. Akarudi na kamusi. Akaendelea na nyingine, "ndoo" akaifanya "njoo", "kitwa" akakifanya "kichwa".

Jamani. Mato ndiyo macho, ila ni macho ya Kiamu na Kimvita. Mshairi ameyapanga kwa vina, mstari unaishia na "-to". Ukitia "macho" umevunja ubeti mzima kuanzia jina. Huyo ndugu alikuwa na nia njema kabisa, na hao wenye nia njema ndio wanaonimaliza nguvu.

Ninachoomba: usisahihishe neno ambalo hujamsikia mwimbaji akilitamka. Weka wimbo, sikiliza. Akisema mato, ni mato.

#13 Ritifaa

Bahari Yetu 🙏 hii ya kusikiliza kwanza nimeichukua. Mimi nilikuwa nafungua kamusi.

#14 Kanda Mbili

Nakiri nina "kitwa" kimoja nilikifanya kichwa wiki iliyopita. Leo kinarudi kuwa kitwa.

Sasa mzigo wa tatu: akae wapi kwenye orodha? Programu yangu ina kitufe cha kupanga kwa jina la ukoo. Nimekibonyeza ikaniletea "Saad, Siti binti".

#15 Bahari Yetu

Astaghfirullah. Hapo umempanga baba yake.

Saad hakuimba. Siti ndiye aliyekwenda Bombay 1928 kurekodi, baba yake katajwa tu ili tujue Siti yupi. Na hata hilo "Siti" ni jina la heshima alilopewa ukubwani, la kuzaliwa lilikuwa Mtumwa. Mpange S kwa sababu ya Siti, na "binti Saad" ifuate nyuma kwa herufi ndogo, iwe lebo imesema binti, bint au vinginevyo.

#16 Mshona Viraka

Na wala hatuko peke yetu kwenye hilo. Björk jina lake kamili ni Björk Guðmundsdóttir, yaani binti Guðmundur, ni "binti Saad" ileile. Kwao Iceland watu hupangwa kwa jina lao la kwanza, hata kitabu cha simu kilipangwa hivyo. Wahungaria nao hutanguliza jina la ukoo, kwao mtunzi Béla Bartók ni Bartók Béla, sisi tunamjua kwa kugeuzwa. Kitufe kile kinadhani dunia nzima ina jina la kwanza na jina la ukoo. Kizime. Safu ya kupangia ijaze kwa mkono, msanii mmoja mmoja, mara moja tu maishani.

#17 Fagio la Chuma

Haya, Bi Kidude. Jina lake ni Fatuma binti Baraka. "Bi" ni heshima tu, kama "The" kwenye The Beatles, nao wanapangwa B kwa Beatles. Kwa hiyo Bi Kidude ni K.

#18 Bahari Yetu

"The" ni kijineno cha sarufi, haina uzito. "Bi" umempa mtu.

#19 Fagio la Chuma

Basi na Dk. Remmy Ongala akae D.

#20 Mshona Viraka

Fagio leo umeniamsha, hiyo imenifikirisha. Jaribu hivi: mtaje mtu bila cheo. Ukisema Remmy Ongala, kila mpenzi wa dansi amekujua, na rekodi nyingine zimemwandika hivyohivyo bila udaktari. Huyo R. Ukisema "leta ule wimbo wa Kidude", utaulizwa kidude gani. Huyo B. Cheo kikishaota mizizi kwenye jina, kinahesabiwa kuwa jina.

#21 Fagio la Chuma

😂😂 Kidude gani. Sawa, B. Nimenyoosha mikono kwa hilo tu.

#22 Mguu Pande

Na Beethoven? Kwangu yeye ndiye msanii wa albamu kumi na kitu.

#23 Mshona Viraka

Beethoven alifariki 1827, hajawahi kuingia studio. Ni mtunzi, ana safu yake. Na usidhani hilo ni la klasiki peke yake. Kwenye santuri za dansi nyingi kuna jina dogo kwenye mabano chini ya jina la wimbo. Huyo ndiye mtunzi, mara nyingi mmoja wa wanabendi, na pengine hapo ndipo mahali pekee duniani jina lake limechapwa. Watu wanaliruka kwa sababu ni dogo.

Hizo "ft" nazo: mgeni aliyealikwa anaingia kwenye wasanii, namba yake na neno la kuunganisha, kwenye jina la wimbo asikanyage. Ukimweka kwenye jina la wimbo, siku ukitafuta nyimbo zake hutamwona.

#24 Ritifaa

Jambo moja ambalo limenipa hili jina ninalolitumia humu. Nilikuwa na mistari miwili, yote "Ng'ambo", kwa macho ni pacha kabisa. Kompyuta inasema ni nyimbo mbili. Nimezikuza kwenye kioo mpaka herufi zikawa kama vidole, ndipo nikaona: ritifaa moja imesimama wima, nyingine imepinda kama mkia wa koma. Ya wima nimeipiga kwenye kompyuta, iliyopinda imewekwa na simu yenyewe. Kwa mashine hizo ni alama mbili tofauti, kila moja ina namba yake. Lugha yenye ng' kila kona kama yetu, hesabu mwenyewe hasara.

Beyoncé naye ana pacha. Hiyo é inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja, au kama e ya kawaida na alama ya juu iliyoifuata. Kwa macho huoni kitu.

Ninachofanya sasa ni kuwa na safu ambayo simwonyeshi mtu, ya kutafutia tu. Mashine inachukua jina, inafanya herufi zote ndogo, inaondoa nukta, nafasi tupu, ritifaa za kila aina na alama za juu. "T.P. O.K. Jazz" na "TPOK Jazz" zote zinageuka "tpokjazz", "Ng'ambo" zote zinakuwa "ngambo". Natafuta humo, nasoma kwenye zile zingine. Jina lenyewe siligusi.

#25 Kanda Mbili

Hii ya safu ya kutafutia imenitoa tongotongo. Kumbe nilikuwa nafuta nukta za watu bila sababu.

La mwisho kwangu: nyimbo zilizokatwa mbili. Upande A "Part 1", upande B "Part 2", nyingine "Pt. II", nyingine "1 & 2" kwenye upande mmoja.

#26 Mshona Viraka

Santuri ya inchi saba ilikuwa haibebi dakika nyingi kila upande, na dansi haliimbwi kwa dakika tatu, ndiyo maana walikata. Wimbo ni mmoja, rekodi ni mbili, na ukipata CD ya baadaye iliyoziunganisha, hiyo ni rekodi ya tatu ya wimbo uleule. Tenga safu ya "sehemu", andika 1 au 2. Mambo ya Pt. na II yaende kwenye "ilivyochapwa".

Na asiyejulikana muandike kwenye mabano ya mraba, [hajulikani]. La sivyo, siku moja mtu atakuuliza hii bendi ya Hajulikani ilikuwa ya wapi, mbona ina nyimbo nyingi.

#27 Kanda Mbili

Mrejesho wakuu. Nimeanza upya tangu Ijumaa, safu zimekuwa tisa badala ya nne. Ile mistari minane ya juu imebaki wasanii wawili, na lebo zote nane bado zipo na nukta zake. Nimemaliza A mpaka L. Bi Kidude yupo B, Fagio akitaka aje akague.

Kesho naingia M. Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajabu, Morogoro Jazz, Mlimani Park, Msondo. Nikikaa kimya wiki nzima msinitafute.

#28 Fagio la Chuma

Nilikwambia uchague moja.